Samaki Mmoja Hakulifuta Jina

Habari za msiba zilinifikia majini, nikivuka kwenda Lubunga. Nilimuuliza mpiga kasia yuko wapi mzee wangu anayenivusha kila wiki, akaliweka kasia magotini. "Papa alishakufa, tonton. Kifua. Jana tulimuzika." Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, maana mara ya mwisho tuliachana tumenuniana, na sasa nimebaki nayo mdomoni.

Alikuwa mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Wagenia, mrefu, mtani, asiyemwacha abiria mwenye viatu vipya apite bure. Miaka mingi iliyopita mwenzake wa uvuvi aliamka akakuta injini ya mtumbwi wake haipo, akamshitaki kwa wizi, marehemu akalala mahabusu. Maji yalipopungua, injini ikaonekana kwenye matope palepale ilipokuwa imefungwa. Kamba ilikuwa imekatika. Yule mwenzake alikuja na aibu yake na samaki mkubwa, wakala sahani moja mbele ya wazee wa koo zote mbili. Kwa watu wa maporomoko kesi huishia hapo, na anayeitaja tena ndiye mwenye kosa. Basi hakuna aliyekumbuka kwenda ofisi ya mashitaka kusema kwamba mashitaka yamekwisha.

Baadaye watu wa shirika la afya walitafuta nahodha wa boti ya kupeleka dawa Isangi. Walimtaka yeye, ila kwanza alete cheti cha tabia njema. Cheti kilitoka na neno wizi. Nilimsindikiza ofisini kuuliza, na karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili. "Papa, dosye yako iko ingali hapa. Bon, kuja na ule mwenye alikushitaki, asaini kama aliacha. Donc tutafuta."

"Twende kwake leo hii," nikamwambia tulipotoka.

"Hapana, ndeko. Tulisha kula samaki moja. Nikimuomba karatasi, iko kusema sikumusamehe." Akaniapisha nisimwambie mwenzake hata neno.

Nilimwita mkaidi, na bado nasema alikuwa mkaidi. Boti akapewa mwingine. Nilidhani hasara imeishia hapo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Injini zilipoanza kuibwa kandokando ya mto, askari walitafuta majina, na jina lake lilikuwa tayari. Kila injini ikipotea, walianza kwake. Jirani zake, waliokuwa wakicheka naye, wakaanza kuingiza makasia yao ndani wakimwona anapita. Mara ya mwisho alirudi kutoka mahabusu na kikohozi kisichopoa. Nilimbana tena, tukanuniana, na hiyo ndiyo ikawa kwaheri yetu. Ninaogopa ofisi isiyo na chuki kuliko adui. Adui huchoka, au hutubu akaleta samaki. Neno lililoandikwa halichoki, na anayelisoma kesho hakuwepo siku ya sahani.

Kwenye matanga aliyelia kuliko wote alikuwa yule mwenzake. Kiapo nilimwapia mtu hai, na sasa amekufa, basi nikamweleza yote. Akakamata mkono wangu. "Mbona hakuniambia? Ningesaini siku ileile!" Tukaenda wote wawili ofisini, yeye akitembea mbele. Karani alitusikiliza, akaonyesha huruma, kisha akasema: "Ule mwenye dosye ndiye anaomba. Lazima akuje yeye mwenyewe." Tulipomwambia amekufa, akaifunga dosye na kuirudisha mahali pake.

Wasomaji wangu, nawaomba jambo moja. Mkipatana na mtu mliyemshitaki, kuleni, chekeni, kisha naweni mikono mwende wote wawili mpaka ofisini, hata kama mnaona ni matusi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nimekiona kilio.

Wakati wa kuvuka kurudi, yule mwenzake wa uvuvi alitaka kunifurahisha. Akasema mjukuu wake amezaliwa wiki ileile ya msiba, na wamempa jina la marehemu, lote zima, ili lisipotee mtoni. "Ni ndoyi yake," akasema, yaani wanaitana jina moja. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka. Nilimwonea huruma yule mtoto, maana jina hilo lingali ofisini na neno wizi, nikatazama maji mpaka tukafika ng'ambo.