Neno Linalofanana na Mende

Desturi yetu ni wazee kuja kuposa. Huyu kijana aliyempenda binti yangu alileta habari kuwa atakuja mwenyewe kwanza, peke yake, "kunisalimia tu". Nikashuku hapo hapo. Tena afanya kazi ya ofisini bandarini, na binti yangu alishanionya kuwa akizungumza huchanganya Kiingereza kigumu. Mimi elimu yangu ni ya sekondari, na ni mtu wa kukaa ndani. Hata kununua ndizi Marikiti humwachia mke wangu. Nikaona nitamwoza mtoto kwa maneno nisiyoyaelewa.

Basi nikaanza kujifunza kwenye simu. Njia yangu ilikuwa kulifunga kila neno na la Kiswahili linalofanana nalo, lisinitoroke. Mendacious nikalifunga na mende. Maana yake nikasema nitaisoma kesho.

Kijana akaja jioni, kanzu imepigwa pasi, akanipa masalkheri nzuri mno, nikazidi kushuku. Mke wangu akaleta kahawa na kaimati. Katikati ya mazungumzo kijana akasema, "Mimi, ami, nisichokiweza ni nyumba yenye watu mendacious."

Nikatupa jicho jikoni. Kaona nini huyu?

"Hapa kwetu," nikamwambia taratibu, "twawapulizia dawa kila Ijumaa. Hawabaki hata watoto wao."

Akameza kaimati nzima nzima. "Naam, ami. Vyema."

Hakukawia kuaga. Alipotoka nikamwambia mke wangu posa hiyo haipiti. Mtu hajaoa, ashaanza kunitafutia mende. Binti yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akatoka ameshika mbavu kwa kucheka.

"Baba, mendacious ni muongo. Sasa ajua wewe wapulizia waongo dawa, pamoja na vitoto vyao."

Niliona haya, lakini sikukubali kushindwa. "Na mbona aliitikia vyema? Kama hakunielewa, kaongopa. Kama alinielewa, ana moyo gani?"

"Na angekwambia umekosea, ungekubali anioe?"

Nikafikiri. Nisingekubali. Ningesema hana adabu.

Mamake akaketi, akajimiminia kahawa. "Basi huyo mwanamume aseme nini, apate mke nyumba hii?"

Nikamwambia binti yangu apeleke habari, wazee wa kijana waje Jumapili. Kijana mwenyewe abaki kwao. Habari zake nitamuuliza mjombake, kwa Kiswahili. Bado simwamini.