Kumfuata Kokubanza Ijumbi

Mutalemwa alikuwa dereva wa ofisi ya kilimo mjini Bukoba kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna barabara iliyomchefua kama ile ya Jumamosi moja ya mwaka 1974. Barabara kuu ilikuwa imekatwa na mvua, ikabidi apite ya nyuma, ya kupanda milima na kupenya misitu. Aliyeichonga, kama yupo, hakuwa na haraka ya kufika popote.

Alikuwa peke yake kwenye Landrova aliyoazimwa na bwana shamba kwa siku hiyo tu. Mkewe Kokubanza alikuwa amerudi kwao Ijumbi, mwezi wa pili sasa, baada ya kusikia kwa majirani kwamba mumewe amewaandikisha wote wawili kuhamia kijiji cha ujamaa na kukiacha kibanja chao cha migomba. Mutalemwa hakuwa amemwuliza. Aliona ni jambo dogo. Sasa mkwewe alikuwa ametuma neno: aje wayamalize, au asije kabisa.

Mlimani gari likazama kwenye tope. Mutalemwa alikata matawi, akayatandika chini ya magurudumu, akasukuma, akakimbilia usukani, akashuka kusukuma tena. Mtu mmoja hawezi kusukuma na kuendesha kwa pamoja. Alilijua hilo vizuri, na bado alijaribu mara nne.

"Barabara gani hii!" aliwafokea ngedere, kwani hapakuwa na mwingine wa kufokewa.

Msituni mti ulikuwa umelala njiani. Alipomaliza kuukata, viganja vinamchuruzika damu, akakuta kibuyu cha rubisi alichowabebea wakwe kimepinduka, nusu ya pombe imenywewa na kiti. Karibu alie.

Alifika alasiri, akashuka na kibuyu chake. Mkwewe, Ta Ishengoma, alimpa kigoda, lakini kahawa ya kutafuna, ya kumkaribisha mgeni, haikuletwa. Mzee alichungulia ndani ya gari.

"Wenzako wako wapi?"

"Nimekuja mwenyewe, baba."

"Na nani atakusemea?"

Anayemfuata mke kwao hajisemei. Huja na mzee wa ukoo wa kumsemea, yeye akakaa kimya pembeni. Mutalemwa alilijua hilo tangu utoto. Ila wazee wangemchelewesha.

"Waitu, jamani, mnaijua barabara niliyopita?" alifoka, akionyesha viganja vyake.

Kokubanza alitoka jikoni, akaviangalia viganja, akamwonea huruma, na hasira yake haikupungua hata kidogo.

"Uliniandikisha peke yako. Umekuja kuniomba peke yako. Nikirudi, nitaishi na nani?"

Mutalemwa alivishusha viganja.

"Mlete baba yako mdogo, Ta Byabato," akasema Kokubanza. "Hata kwa miguu. Nitamwambia yeye, wewe utasikiliza."

Ta Ishengoma alikwisha kuinuka, anamsogezea kibuyu chake cha rubisi, bila hata kuionja, arudi nacho.