Kuku Nimejua Kumpika, Ila Firigisi Inaniumiza

Naombeni ukurasa huu unifichie jina, na la mwanangu nimelibadilisha, maana Moshi ni ndogo na mume wangu hulisoma gazeti hili kwa kinyozi. Nina miaka ishirini na tano na watoto wawili, wa mwisho ana miezi saba, bado ananyonya. Kwetu ni Uru, ila tumepanga mjini. Mume wangu alikuwa kiwandani. Kilipouzwa akapunguzwa, sasa ni fundi seremala.

Mwaka huu daktari alimwambia ana presha, apunguze mafuta, ale mboga. Mimi mama alinifundisha ndizi nyama, kiburu cha ndizi na maharage, na mtori ambao mafuta yanaelea juu. Nikaanza kumchemshia kila kitu, akawa anasukuma sahani. "Mama Neema, hiki chakula cha wodini."

Baadaye akaacha kulalamika. Nikadhani amezoea. Kumbe mchana anakula kwa dada mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na karakana yao, ambaye aliwahi kupika nyumbani kwa Wahindi miaka sita. Akanisimulia mwenyewe, macho yanang'aa: "Ana kuku wake wa mboga, mafuta kijiko kimoja, lakini utamu wake! Nenda akufundishe."

Jamani, mume anakutuma kwa mwanamke mwingine ukajifunze kumpikia. Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda. Kwa ajili ya presha yake.

Dada alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Kuku ametolewa ngozi, amekatwa vipande vyembamba kama vidole, amelowekwa kwa limao, tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Karai likawa la moto hasa. Kuku kwanza, kisha karoti na hoho, kabichi mwisho. Nikachukua mfuniko, akanidaka mkono. "Usifunike, mdogo wangu! Ukifunika unachemsha. Mboga inatakiwa ilie mdomoni."

Mafundi wakaja kula, mume wangu akiwamo. Mmoja akacheka, "Shemeji, leo mmekutana jiko moja!" Nikacheka nao. Ndipo dada akafunua kibakuli cha pembeni, akatoa firigisi, akaiweka juu ya sahani ya mume wangu. Hakuuliza. Na mume wangu hakunitazama, akaanza na hiyo hiyo.

Kwetu firigisi ni ya baba wa familia, na inatoka mkononi mwa mkewe. Tangu niolewe sijawahi hata kuionja. Nikauliza taratibu, "Dada, hiyo firigisi huwa ya nani?"

Akajibu bila kugeuka, "Si ya Baba Neema? Kila kuku."

Nyumbani nilimuuliza mume wangu. Akaniambia, "Firigisi ni nyama tu. Wivu wa nini, na wewe unanyonyesha? Utamkaushia mtoto maziwa." Nikasema sawa.

Jumapili akachinja kuku, nikapika vilevile, sikufunika. Firigisi nikampa Neema, ana miaka minne. Mume wangu akaweka kijiko chini. "Firigisi ya baba unampa mtoto? Unanidharau ndani ya nyumba yangu?"

Nikamwambia, "Si ulisema ni nyama tu?"

Akainamia sahani. Akaanza kuokota karoti moja moja.

Sina ushahidi wa jambo lingine, nimeona firigisi tu. Presha imeshuka, daktari amefurahi. Naogopa nikimkataza kule atakimbilia chipsi zinazoogelea mafuta, na watoto hawa bado wadogo, wanamhitaji. Juzi dada amenitumia bizari kwenye karatasi, akampa mume wangu anibebee. Nimeipikia, ni tamu. Nilitamani iwe mbaya. Kila nikipika najiuliza kama anayekula ananiwaza mimi au anamwaza aliyenifundisha. Ninampenda mume wangu, lakini kuwa mpishi wa pili kwangu mwenyewe, hapana.

Wenye ndoa zenu, nishikeni mkono. Niende kibandani nimwambie yule dada aache, au wa kuambiwa ni mume wangu aliyekula akijua? Jogoo yuko kwenye tenga, Jumapili anachinjwa. Kupika najua sasa. Niambieni tu, firigisi nimwekee nani?