Muuza Vipuri Aliyeandika Bei Moja

Jumatatu nilipeleka gari gereji, mtaa wa Buyenzi, kwa sababu breki zilikuwa zimeanza kulia, na kama ilivyo desturi yangu nilimwambia fundi anisubiri nivuke barabara nikanunue plaketi, yaani vibao vya breki, kwa mzee wetu muuza vipuri. Fundi hakuinua kichwa. "We haukusikia?" aliniuliza. "Mzee tulimuzika Ijumaa, nyuma ya swala. Mi nilizani unajua." Sikujua. Kule Mutanga Sud ninakokaa hakuna aliyemfahamu, na mimi sikuwa ndugu wala rafiki wa kupigiwa simu. Nilikuwa mteja tu, ingawa mteja wa miaka mingi. Nilivuka barabara hata hivyo. Mlango wa chuma wa duka ulikuwa umefungwa, na mbele yake mtu mwingine alikwisha kupanga matairi yake ya kuuza. Sikuona hata mmoja wa kumpa pole. Binti zake wawili walikuwa wamerudi kwa waume zao, mmoja Uvira, mwingine Kigoma. Pole hiyo nimetembea nayo wiki nzima, na leo naileta kwenu, wasomaji wa safu hii, kwa kuwa sina kwingine pa kuipeleka.

Nilipomfahamu, mzee huyu alikuwa bingwa wa kupatana bei, na sisemi hivyo kwa kumsifia maiti. Ungeingia kutafuta filta ya mafuta, naye angekuuliza kwanza umetoka mtaa gani, watoto hawajambo, kazini wanalipa kwa wakati? Ulidhani ni maongezi, kumbe ndipo bei ilipokuwa ikipikwa. Aliwahi kunieleza mwenyewe, akicheka, kwamba bei haikai ndani ya kipuri, inakaa ndani ya mtu. Bwana mkubwa anaongezewa, na nyongeza yake ndiyo inayomwezesha dereva wa teksi wa Kanyosha kupunguziwa. "Mi sidanganye mutu," alisema. "Namupimia ile anaweza kubeba." Wala hakuwa peke yake. Wenye maduka makubwa hufanya vivyo hivyo kwa njia za kistaarabu zaidi: sabuni ileile hutiwa katika karatasi nzuri kwa ajili ya mwenye nacho, na katika mfuko mdogo kwa ajili ya asiye nacho. Yeye karatasi hakuwa nayo. Alikuwa na jicho lake tu, na jicho hilo alilitegemea mpaka siku lilipomsaliti.

Jumamosi moja aliingia mwanamke aliyevaa vizuri sana, nguo ya kung'aa na viatu virefu, akitaka plaketi za gari la aina fulani. Mzee alimtazama mara moja akataja bei ya wakubwa. Mama yule hakujua kubishana. Alifungua mkoba akalipa. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amepita mwanamume wa kandambili, miguu ina tope, aliyetoka kwenye kazi za jamii, naye akauziwa plaketi zilezile kwa bei ya huruma. Yule wa tope alikuwa mkubwa wa ofisi fulani, mwenye magari matatu. Mama wa nguo za kung'aa alikuwa mjane. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, na alilikodisha kama teksi ili watoto wasome. Magari yote mawili yalikutana kwa fundi mmoja, bei zikatajwa, na Jumatatu mama akarudi dukani. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi. Hakupandisha sauti.

"Baba, mi sikukuya kukugombeza," alisema. "Nataka tu kujua. Uliona nini kwangu?"

Mzee alimtazama tena, kuanzia viatuni.

"Uliona manguo. Haya manguo nilivaa juu ya harusi ya mudogo wangu. Ni yeye alinipatia."

Mzee alifungua droo, akamrudishia alichomzidishia. Mama alipokea, akasema asante, akaondoka. Nilidhani yameisha. Lakini nilipopita wiki iliyofuata nilikuta kila kisanduku kimebandikwa kipande cha katoni chenye bei iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi, na mzee akiwaambia wote waliomwomba punguzo, "Apana, ndugu yangu. Ni hiyo moja. Wewe, waziri, imamu, wote hiyo moja."

Wauza vipuri wenzake wa mtaa walimjia juu. Walisema anawaharibia soko, kwamba mteja akishasoma bei kwake anakuja kuwakaba wao koo. Wengine walitabiri atafunga duka. Hakufunga. Kwa kweli aliuza zaidi. Walianza kuja wanawake ambao zamani waliwatuma kaka zao, wakaja vijana wanaoona haya kubishana, wakaja madereva wasio na muda. Hata pale faranga ilipoanza kuyumba na mizigo ikapanda bei kila ilipoingia, alifuta bei akaandika nyingine mbele ya macho ya watu, akieleza kwamba akiuza kwa bei ya mzigo wa zamani hataweza kununua mzigo mpya. Watu walinung'unika, lakini walijua wananung'unika wote pamoja.

Kilichokuja kumwelemea kilikuwa kingine. Mke wake alikuwa amefariki miaka michache kabla, na kumbe mchana kutwa wa kupatana bei ndio uliokuwa umebaki kuwa mazungumzo yake. Kule kuulizana habari za watoto, kule kuapa, kuondoka kwa hasira na kuitwa urudi, chai inayoagizwa ili hasira ipoe, vyote vilikwenda na bei ya zamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wageni waliingia, wakasoma, wakalipa, wakatoka, na mwenyeji akabaki na ugonjwa wake. Siku moja nilimuuliza biashara inakwendaje. Akatazama mlangoni. "Inaenda muzuri," akasema. "Pesa inaingia. Watu ndio hawaingie."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa adhuhuri ya mvua, barabara imejaa maji na gereji zote zimenyamaza. Nilitaka rulema, yaani beringi, ya gurudumu la nyuma. Nikasoma bei, nikatoa noti. Hakuzipokea.

"Kaa kwanza," aliniambia. "Omba nikupunguzie."

"Si umeandika, mzee? Hupunguzi."

"Sitapunguza. We omba tu."

Basi nikaomba. Nikamwambia bei hiyo ni ya kuua mtu. Akaapa kwamba anauza kwa hasara. Nikasema nina watoto watano. Akasema anajua ni watatu, na wa kwanza alikuwa anaumwa macho, amepona? Nikajifanya naondoka, akaniita, akaagiza chai kwa jirani wa mkahawa, akanisimulia jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akimshinda yeye kwa kupatana, hata wauza samaki wakimwona walikuwa wanafunika vikapu. Alicheka mpaka akafuta macho. Mvua ilipokatika nikalipa bei ileile iliyoandikwa, naye akazihesabu noti taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Leo umenirudishia kazi yangu."

Tunapoandika juu ya biashara huwa tunauliza bei gani italeta faida, na ni swali la haki, maana duka lisilo na faida halimlishi mtu. Mzee huyu alinifundisha kwamba mwenye duka anapochagua namna ya kupanga bei anachagua pia ataishi na watu kwa namna gani. Njia yake ya kwanza ilimpa watu, ikamnyima uhakika wa kutenda haki. Ya pili ikampa haki, ikamnyima watu, na hakuirudia ile ya kwanza, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi na upweke ulimkalia kila siku. Sidhani alikosea. Nadhani alibeba peke yake mzigo ambao ungekuwa mwepesi kama sisi tuliopimiwa kwa kipimo kimoja tungekumbuka kuketi kidogo baada ya kulipa. Ukimpata mtu anayekutendea haki bila kukutazama nguo, mlipe bei yake kamili, kisha muulize habari za nyumbani, na ungoje akujibu.