Kidonge cha Kukata Katikati

Juzi kwenye duka la dawa Kaptembwo, mama mmoja aliweka kidonge cha kolesteroli kwenye kaunta, akaomba kikatwe katikati.

"Daktari alisema unywe nusu?" mwuzaji akamuuliza.

"Alisema kolesteroli yangu iko mpakani. Nikimeza, pengine misuli iniume. Nikiacha, pengine moyo usimame kama wa dada yangu. Ati nichague mwenyewe." Mkono wake uling'ang'ania kaunta. "Basi nimechagua nusu."

"Na nusu ingine?"

"Naweka. Siku kifua kitanibana, nitaimeza."

"Mathe, siku hiyo hiyo nusu haitakusaidia. Rudi kwa daktari."

Mama alikiokota kidonge, akakirudisha kwenye kaunta, akakiokota tena.

Madaktari wa siku hizi wanatuachia tuchague wenyewe. Mtu wa kuogopa naye, hawatuachii.