Mlimau Haukupigwa Jicho

Siku yangu ya kwanza kazini huko Mwera, Bwana Shamba wa Tarafa hakunipa meza wala kiti. Alinipeleka uani kwa mkulima mmoja, kwenye mchungwa uliopauka majani, akaniuliza unaumwa nini. Nikajibu haraka kwamba ni ukungu. Akachuma jani, akaniambia nilikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vidoa kama vumbi, kisha vidoa vikaanza kutembea.

"Umeuhukumu mti hujautazama," akasema. "Kwa mtindo huo utawaponza watu."

Ule ulikuwa utitiri, viumbe wa jamaa ya buibui wanaofyonza jani upande wa chini mpaka linageuka rangi ya shaba na kupukutika. Hustawi wakati wa ukame na vumbi. Dawa nyingi za wadudu haziwadhuru. Huua wadudu wanaowala utitiri, nao utitiri wakazidi. Tulifundisha watu kuosha majani kwa maji ya nguvu, hasa upande wa chini, na kurudia kila baada ya siku chache. Mti ukizidiwa, tulinyunyiza salfa kabla jua halijawa kali. Nimeyafundisha hayo Mwera, kisha Tongoni chini ya Afisa Kilimo wa Wilaya, mama mkali asiyepokea taarifa ya kubahatisha, hadi nikastaafu salama. Alhamdulillahi.

Vijana mnaoanza kazi hii, nawaandikia nikiwa na hasira. Nimefunga, nimesali, haijapoa.

Kiangazi kilichopita, mlimau wa jirani yangu hapa Mabawa ulianza kupukutika. Akaupulizia dawa ya mende. Ukazidi kupukutika. Basi akaamua kwamba umepigwa jicho na mpangaji wake, Bi Salama, mjane wa Kipemba aliyekuwa akiuza bagia barazani. Eti aliusifu mti bila kusema mashaallah. Akamwambia ahame. Mtaa nao ukaacha kununua bagia zake, wengine wakamnyima hata salamu.

Niliposikia, nilikwenda. Jirani akaniamkia shikamoo, akaniwekea kiti.

"Mzee, wewe umesoma dini. Jicho si lipo?"

"Jicho lipo. Na dhulma ipo. Lete karatasi."

Nikakung'uta jani. Aliwatazama wale utitiri wakitembea, akauliza mbona balaa lilianza Bi Salama alipohamia.

"Alihamia kiangazi," nikamwambia. "Na kiangazi ndipo mnapofagia uwanja huu mkavu, vumbi lote linapanda mtini. Nyunyizeni maji kwanza."

Tukauosha mti wiki kadhaa, ukachipua. Lakini Bi Salama alikuwa ameshafungasha, amekwenda kwa binti yake Tongoni. Hakuna aliyemsindikiza.

Mlimau ulipozaa, jirani aliniletea kapu la malimau, shukrani yake. Sikulipokea.

"Haki ya Mungu utaitubia msikitini," nikamwambia. "Haki ya mja hasamehe ila mwenyewe. Tongoni si mbali."

Akasema anaona haya, watu watamsemaje.

"Yeye alisemwa na mtaa mzima, na hakuwa na wa kumtetea."

Akaondoka na kapu lake.

Namshukuru Mungu kwa uzee wenye afya na macho yanayoona bado. Kila Ijumaa mimi na jirani tunasali safu moja. Tukitoka, tukiwa tunavaa viatu mlangoni, namuuliza neno moja tu: umekwenda? Mpaka leo anainama, anafunga kamba polepole, wala hanitazami.