Ukuta wa Chumba cha Ndani

Jengo alilotuachia baba pale Same, kando ya barabara kuu, lilikuwa la ofisi tangu lijengwe: ghorofa moja, korido ndefu katikati, vyoo vyote upande mmoja, na vyumba vya ndani visivyo na dirisha hata moja. Wapangaji walipohamia majengo mapya, niliamua kuligeuza liwe nyumba za kuishi. Nyumba ya kwanza, ya chini, ilikuwa ya mama. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alitaka akae karibu na hospitali, na mvua zikianza, barabara ya kutoka kijijini kwetu Suji, mlimani, haimhurumii mgonjwa. Mama alikuja, akachungulia chumba nilichomkusudia, akatoka.

"Mwanangu, hii ni stoo. Mtu mzima halali stoo."

Kumpatia mwanga kulimaanisha kutoboa ukuta uliotenga chumba hicho na cha mbele. Mhandisi alichora mlango kwa chaki, akaonya ukuta usiguswe hadi atakaporudi kutoka mjini Mwanga na mirunda ya kuegemeza zege la juu.

Mjomba hakuona haja ya kungoja. Alishuka na watu wa kijijini, nyundo na sururu mabegani, kama waendavyo kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji. Nilimweleza habari ya mirunda.

"Ukuta wa ndani unabeba nini, binti yangu?" alicheka. "Kwangu unaishia chini ya kenchi za paa, paka anapita juu yake. Haya, tutabandua plasta tu. Wewe tupikie makande."

Nilikuwa nje na mama, tukipakua, niliposikia nyimbo zikipanda. Waliogonga ukuta kutoka chumba cha mbele walikuwa wakiwatania wenzao wa chumba cha ndani.

"Hao wa huko wamekuja kula!"

"Tukutane katikati, tuone nani mla bure!"

Nilikimbia ndani. Mstari wa chaki haukuwapo tena, wala matofali yaliyouzunguka. Nuru ilikuwa imeingia kweli, nayo ndiyo iliyonionyesha ufa juu ya tundu, mwembamba kama uzi, ukitambaa kwenye zege. Vumbi lilidondoka kutoka mahali ambapo hakuna nyundo iliyofika.

Nilipiga kelele, hakuna aliyegeuka. Kwetu kazi ya pamoja huanza pembe ikipigwa na husimama ikipigwa tena, na pembe ilikuwa shingoni mwa mjomba. Anayeweka chombo chini kabla yake ataitwa mvivu mpaka azeeke.

"Mjomba, piga pembe!"

"Kipande cha kazi hakijaisha. Pembe haipigwi katikati ya kipande."

Nilimwonyesha ufa. Alikaza macho ndani ya vumbi, akatikisa kichwa. Mama alikuwa amenifuata taratibu, kiganja kikipapasa ukuta wa korido. Alitupita sote wawili, akaenda kusimama katikati ya wapiga nyundo, chini kabisa ya ule ufa.

"Mdogo wangu," alisema, akihema, "mimi nimesimama hapa. Sitoki mpaka hawa watoke."

Mjomba alipiga pembe.

Nyundo zilinyamaza. Walitoka wakinung'unika, wakibishana nani alikuwa mbele. Mmoja alitaka kurudia sururu yake. Mama alimshika shati, akamvuta naye hadi nje. Tulikuwa bado kizingitini zege liliposhuka, bonge kubwa kama gunia, palepale walipokusudia kukutana. Nondo zilibaki zikining'inia.

Makande yalipoa sufuriani.

"Basi," mama alimwambia mjomba hatimaye, "umeona ukuta ulichokuwa unabeba."

Mhandisi aliporudi aliegemeza zege, akaujenga ukuta upya, mzima, bila mlango. Sikumwomba mlango mwingine. Kabla ya mvua mama alihamia chumba cha mbele, walimokuwa wakipokelewa wageni wa ofisi, chenye dirisha pana la kioo. Asubuhi wapita njia humwamkia shikamoo kabla hajanyanyuka kitandani, naye hulalamika kwamba hawamwachi alale.

Katika chumba cha ndani nimeweka mahindi anayotuteremshia mjomba. Ni stoo.